Kibao cha mgahawa karibu na bahari: mbao gani, na rangi ipakwe vipi?

Mama Mgahawa, Pangani
Salaam kwenu, mafundi. Mwaka jana nilijitengenezea kibao cha mgahawa kwa plaiwudi ya milimita 12, nikakipaka rangi nyeupe ya mafuta mikono miwili na kuandika herufi nyekundu. Masika moja tu imekimaliza: kingo zimevimba na kufunguka kama kurasa za daftari lililolowa, rangi inabanduka, na chini ya kila msumari umechuruzika mstari wa kutu. Herufi nazo zimepauka zikawa za waridi. Je, ninunue mninga, au nihamie kwenye bati?

Seremala Mstaafu
Pole sana, mama. Maji hayakuingilia usoni mwa kibao, yaliingilia ubavuni. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na katika ile ya makabati ya ndani gundi hiyo haihimili maji, kwa hiyo ukingo ukiachwa wazi tabaka huachana hata kama uso umepakwa vizuri.

Mninga unafaa, na mvule pia, lakini kagua ubao kabla ya kulipa. Kiini chenye rangi iliyokolea ndicho kinachodumu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na wadudu, na muuzaji atakuapia kwamba nayo ni mninga (wala hasemi uongo). Viringisha kingo kwa msasa, kwa kuwa rangi haikai juu ya ukingo mkali, kisha paka praima (rangi ya msingi inayotangulia) iliyopunguzwa kwa tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) kwenye ncha za ubao, mara mbili au tatu, mpaka ziache kunyonya. Usishawishike na vanishi angavu: jua hupenya ndani yake, huunguza mbao iliyo chini, na vanishi yote hubabuka.

Fundi Bati
Bati nalo lina masharti yake. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya bati jipya lenye zinki, mafuta yake huchanganyika na zinki na kufanya kitu kama sabuni, na baada ya miezi kadhaa rangi hutoka kwa vipande vikubwa. Lioshe kwa sabuni, lisugue kidogo kwa msasa laini, kisha tumia praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Na ukilikata, ziba ukingo uliokatwa siku hiyo hiyo, maana kutu huanzia hapo.

Mama Mgahawa, Pangani
Ahsanteni. Nitachukua mninga, kwa kuwa bati hupiga kelele upepo wa kusi ukivuma. Na zile herufi?

Mchora Vibao
Nyekundu nyingi za bei nafuu huchujuka juani. Jina la mgahawa liandike kwa nyeusi, na kama unapenda wekundu, tumia ule wa rangi ya matofali unaotokana na oksidi ya chuma, ambao jua haliuwezi. Misumari iache kabisa: toboa kwanza, tia rangi ndani ya tundu, ikauke, ndipo ukaze skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kati ya kibao na ukuta acha nafasi ya kupitisha kidole, ili mgongo wake, ambao nao lazima upakwe rangi, upate hewa.