Tambi za maziwa zilizowahi kukutoa jasho, tupeane uzoefu

Mama Wawili Igoma: Jirani anakaanga tambi kwa samli, harufu ya iliki imenikumbusha mbali. Mi nilipiga bakuli mbili nikapanda daladala ya Buzuruga, tumbo likaanza kunguruma nikashukia njiani. Kumbe mi na maziwa freshi hatuivi.

Mzee wa Furu: Ndo mimi huyo. Mtindi namaliza jagi, freshi kikombe tu balaa.

Kijana wa Sengerema: Yangu sio ya kucheka. Idi moja, daraja la Kigongo–Busisi bado halijaisha, bi mkubwa ana kisukari na dawa kaacha siku mbili eti sikukuu, shemeji kapika tambi anamwambia kula mama sijaweka sukari hata kijiko, akala bakuli tatu. Usiku anaomba maji kila saa, chooni haishi, mdomo mkavu, anaongea vitu havieleweki. Kipimo cha sukari cha jirani kikasoma 27, iko juu mno. Tukakodi gari mpaka Busisi, kivuko kiko ng'ambo. Kichwa chake kiko begani kwangu ananiita jina la marehemu kaka yake, na zile taa za kivuko naziona kule Kigongo hazisogei jamani. Alilazwa siku sita. Narudi nyumbani nakuta jikoni makopo mawili ya yale maziwa mazito matamu na mbegu za tende zimejaa sahani. Kweli sukari hakuweka!

Nesi Mstaafu: Kopo moja la gramu 397 lina sukari zaidi ya gramu 200, vijiko vya chai kama 50. Na tambi zenyewe ngano iliyokobolewa.

Mtoto wa Tanga: Nyie Kanda ya Ziwa mnakosea toka mwanzo, tambi ni tui la nazi.

Mzee wa Furu: Baki na tui lako. Maziwa yana protini na kalsiamu, tui mafuta matupu.

Mtoto wa Tanga: We si umesema yanakuharisha?

Babu Ukerewe: Wekeni sukari guru, haina shida.

Nesi Mstaafu: Babu, guru inatoka kwenye muwa huohuo!! Usituulie wazee. Maziwa ya kawaida, sukari kidogo, mdalasini, kibakuli kimoja, na dawa anywe.

Mama Wawili Igoma: Kijana, na shemeji mnaongea?

Kijana wa Sengerema: Idi iliyofuata kaleta sato.

Mzee wa Furu: Wa kukaanga au wa kuchemsha?