Tupeane uzoefu: wenye Kombi za kulala safarini, kwa nini hamziuzi?

Mwana wa Moro
Wakuu, heshima kwenu. Leo naomba tuzungumzie Kombi za Volkswagen za kulala safarini, zile zenye paa la kuinua, jiko la gesi na kiti cha nyuma kinacholazwa kikawa kitanda. Gari limezeeka, spea mpaka uagize, kila Noah inakupita, na bado mwenyewe ukimgusia bei anabadilisha mada. Tuambiane, nini kinatushikilia?

Naanza mimi. Yetu ni ya 1974, injini ya cc 1600. Marehemu baba aliinunua kwa padri Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Kila Desemba ilitupeleka Iringa kwa bibi: Mikumi tunatafuta twiga, Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu, halafu Kitonga. Pale baba alikuwa anaingiza gia ya pili mapema, anaiacha ipande kwa mwendo wake, mabasi yakipiga honi nyuma. Injini ile inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji ya kuchemka, kwa hiyo tulikuwa tunayapita magari mapya yamesimama kando, boneti wazi. Chini ya kiti cha dereva bado kuna kopo la maziwa alimotunzia plagi za akiba na kipande cha msasa cha kusafishia pointi za cheche. Kila matengenezo aliyaandika kwa kalamu ya risasi ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na mimi naendeleza pale pale alipoishia. Mwaka juzi alikuja mteja na fedha taslimu. Mama akamkaribisha chai, akamwambia gari hilo haliuzwi, akaendelea kuchambua mchele.

Binti Pangani
Kaka, pole kwa kumpoteza mzee. Sisi huku Tanga adui ni chumvi. Kutu inaanzia chini ya mpira wa kioo cha mbele na pale betri inapokaa, kwa nje huoni kitu mpaka rangi ivimbe. Sakafu ya mbele nimeshakatiwa bati jipya na kuchomelewa upya. Mume wangu aliuliza, fedha hiyo si ingenunua gari nyingine? Ingenunua. Lakini tukienda Ushongo tunaegesha mlango wa pembeni ukielekea baharini. Alfajiri nausukuma kidogo, bado niko kitandani, nawaona wavuvi wakirudi na ngalawa. Hakuna hoteli iliyowahi kunipa raha hiyo. Tukirudi nyumbani naiosha chini kwa maji ya bomba kabla hata ya kushusha mizigo.

Kiboko ya Njia
Mimi niliuza kwa ajili ya ada ya binti yangu, na kamaliza chuo, alhamdulillah. Ila aliyenunua tunapigiana simu mpaka leo. Nimemwomba, siku akitaka kuuza anipigie mimi kwanza.

Mswahili Bremen
Yangu ni toleo la tatu, ya 1986, ndani imetengenezwa na kampuni ya Westfalia ya mji wa Rheda-Wiedenbrück, Ujerumani, walioanza kuzigeuza Kombi kuwa nyumba tangu 1951. Hii injini inapozwa kwa maji, na ugonjwa wake unajulikana: kuvuja kwenye vichwa vya silinda. Kwa Ujerumani, gari likifikisha miaka 30 na bado liko katika hali nzuri ya asili, linapewa kibao cha namba chenye herufi H. Kodi ni ya kiwango kimoja, euro 191.73 kwa mwaka, na unaruhusiwa kuingia hata kwenye miji iliyozuia magari ya moshi mwingi.

Nikiegesha kambini, wazee wa Kijerumani wanaacha magari yao mapya wanakuja kwangu. Mmoja aliomba afungue tu mlango wa pembeni na kuufunga, asikie ule mlio. Macho yakamlengalenga. Akaniambia fungate yao na marehemu mkewe waliila ndani ya gari kama hili. Nilimpakulia ugali na samaki, tukazungumza mpaka usiku.

Fundi Hewa
Wakuu, wateja wengine wanaacha ufunguo wanaondoka. Mwenye Kombi anabaki, anakunja mikono ya shati na kunishikia tochi. Nawaomba mambo mawili. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Kwa injini ya 1600 nafasi ya valvu ni 0.15 mm. Valvu iliyobana hailii, inaungua kimya kimya, kwa hiyo msiridhike eti injini imetulia. La pili, mipira ya petroli. Injini iko nyuma, mpira mkavu ukipasuka petroli inadondokea kwenye joto. Nimeshuhudia Kombi nzuri ikiteketea, mwenyewe amesimama barabarani analia. Mpira ni bei ndogo, badilisheni kabla haujachanika.

Mwana wa Moro
Asante sana fundi, mipira nabadilisha wiki hii. Swali langu: turubai la paa limeoza kwenye mikunjo. Nani ameshonesha hapa hapa nchini?

Binti Pangani
Mimi. Usilitupe la zamani, lifumue taratibu liwe kipimo. Mpelekee fundi anayeshona maturubai ya malori, na umwambie atumie kanvasi ya pamba. Ya plastiki inatoa jasho mkilala ndani. Nyavu za dirishani ziwe za matundu madogo kabisa. Ukikwama njoo PM nikuelekeze niliposhonesha.