Mwanza–Bukoba kwa ndege: mlango kwa mlango ni muda gani? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Igoma: Wadau, habari za wikendi. Mwezi ujao nampeleka mama harusini Bukoba. Ana miaka 71, akikaa kitako muda mrefu miguu inavimba. Kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa ni kilomita 175 hivi. Basi linazunguka Geita na Biharamulo, zaidi ya 400. Tiketi ya ndege inasema dakika 45. Ni za kweli? Wale wa "inategemea" naomba wasubiri kwanza.

Mla Senene: Za kweli kabisa. Nilishika saa tangu tairi zilipoachana na lami Mwanza hadi zilipogusa Bukoba: 34. Zilizobaki ni kujikokota uwanjani na kusubiri ngazi. Kazi iko kabla ya hapo. Naishi Buhongwa, uwanja uko upande wa pili wa jiji, nikatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi ndege ya saa mbili na nusu. Bukoba ni kinyume, uwanja uko mjini, pembeni mwa ziwa. Nilibeba begi langu nikaenda kwa miguu Nyamukazi kunywa chai.

Binti Kamachumu: Uliza ni ndege gani, mkuu. Sisi tulipanda kale ka injini moja, abiria kumi na wawili. Tulipimwa uzito sisi wenyewe, begi mkononi. Shangazi akamnong'oneza kijana asitaje kilo zake. Kijana akazitaja, tena kwa sauti ya mnadani. Kanakwenda taratibu, 45 zikaisha zote, lakini kanaruka chini, visiwa unavihesabu. Karibu na kutua Musira ikapita dirishani hadi mabati ya nyumba nikayaona. Ngazi zake ni nyembamba, mama ashuke wa mwisho, umshike mkono.

Dereva Mstaafu: Msilidharau basi. Kigongo tulikuwa tunapika hadi ugali kwenye foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 na ushee, hujamaliza karanga zako uko Busisi. Ila kwa miguu ya mama, hapana. Bado ni safari ya kutwa.

Kaka wa Kashai: Mimi yangu ilikuwa ya saa kumi jioni. Mvua ikakaa juu ya ziwa, tukaambiwa subirini, subirini, mwisho tukaambiwa kesho. Maji ya kunywa tulijinunulia. Tunatua asubuhi, jirani yangu aliyepanda meli usiku alishaoga na kulala. Kata ya asubuhi. Ya asubuhi ikichelewa, bado una mchana wa kusubiria.

Mjukuu wa Igoma: Shukrani sana. Meli mama hapandi tangu Mei 1996. Dada yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama, na kwetu hilo halizungumzwi mezani. Nakata ya asubuhi. Toka nyumbani saa kumi na mbili, saa nne tuwe ukweni, au najidanganya?

Mla Senene: Saa tano. Weka na ya kumtafutia mama kiti.

Mjukuu wa Igoma: Haya. La mwisho: senene wa kurudi nao wanaingia kwenye zile kilo 15 za mzigo wa ndege?

Binti Kamachumu: Wanaingia. Wakaange hukohuko, wanapungua.

Dereva Mstaafu: Kwenye basi hawapimwi.