Tunaopiga picha nyasi na magugu ya karibu na nyumbani kila siku: tupeane uzoefu

Ukoka Mbichi: Wakuu, leo mtu kaniuliza, "Unapiga picha nini hapo, mbona hakuna kitu?" Nilicheka peke yangu. Ukoka umechanua, vidole vyake vimetawanyika, na kila kidole kimening'iniza vinyuzi vya zambarau ambavyo ukisimama wima huvioni kabisa. Chavua ya nyasi inabebwa na upepo, haihitaji petali wala harufu ya kuita nyuki, ndiyo maana watu wanaapa kwamba nyasi hazichanui. Najua humu wamo wenzangu wanaozunguka nyumba na simu kila siku. Mwageni yaliyowakuta.

Jirani Mwema: Naweka kambi hapa.

Kibanio: Adui yangu ni upepo. Ukiwa karibu vile, jani likitikisika kidogo tu picha imekwisha. Mimi nachomeka kijiti ardhini, juu yake nafunga kibanio cha nguo, kinashika shina chini ya pale ninapopiga. Na usiisogeze simu hadi igome kufokasi. Rudi nyuma kidogo, vuta kwa zumu, halafu bonyeza kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge.

Alfajiri Njema: Toka mapema tu, upepo bado umelala. Halafu yale matone ya kwenye ncha za nyasi, mengi si umande. Ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma kutoka mizizini usiku, yakatokea nchani. Umande unatanda jani zima, vitone vidogo vidogo. Tone la nchani ukilipata vizuri utaona kila kilicho nyuma kimepinduka ndani yake, kichwa chini miguu juu.

Kibanio: Alfajiri mwanga hautoshi, picha inajaa chenga. Bora saa nne, ukakinga jua na mwavuli.

Alfajiri Njema: Saa nne matone yatakuwa yanakusubiri wewe?

Mpole: Mimi nilikuwa nafuatilia shina moja la kishona nguo, tangu kitumba hadi mbegu zikatoa vile vijino vyake. Nikasema kesho nazipiga zikiwa zimekauka vizuri. Mwenye nyumba akaleta mtu wa kufyeka.

Jirani Mwema: Kufyekewa kunauma, acha.

Mdadisi: Nyasi ninayoipenda kuliko zote ni ndago. Kichwa chake kikipigwa kwa chini, mbingu ikiwa nyuma, raha tupu.

Kitabu Wazi: Ndago si nyasi.

Mdadisi: Ndugu yangu, nimeng'oa ndago tangu utoto.

Kitabu Wazi: Kung'oa na kuainisha ni mambo mawili. Lizungushe shina lake kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Shina la nyasi ni la mviringo na lina vifundo. Lipige picha limekatwa, utajionea mwenyewe.

Mdadisi: Haya, profesa.

Baba Lulu: Mnaongea upepo na umande kwa sababu hamjakutana na upupu.

Nyuma ya uzio wetu ulitambaa mmea mmoja. Nilianza kuupiga ukiwa na maua, vishada vya zambarau iliyokolea vinaning'inia, nikawa kila jioni niko pale. Ukatoa maganda. Sasa jua likiwa chini, ganda lile limejikunja kidogo, limefunikwa manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu, na mwanga ukitokea nyuma kila unyoya unawaka. Nani angeacha? Nikalala chali chini yake nipate mbingu nyuma, fulana ya mikono mifupi. Kikaja kiupepo. Kwenye kioo cha simu nikaona vumbi la dhahabu linashuka taratibu, nikasema moyoni hii ndiyo picha yenyewe, nikaendelea kubonyeza.

Shingo ikaanza. Nikajikuna. Kumbe kujikuna ndiko kunakovizamisha vile vinyweleo na kuvihamishia kwingine. Punde mikono, tumbo, hadi kope. Nikakimbilia ndani, nikajisugua kwa taulo, taulo likavisambaza mgongo mzima. Mama Lulu anauliza umeng'atwa na nini, mimi nashindwa kusimama sehemu moja. Akaziokota nguo zangu akaziloweke, naye akaanza. Lulu akalala kwenye lile taulo. Nyumba nzima tukawa tunacheza ngoma bila mpigaji, hakuna aliyelala.

Picha zimetoka safi, lakini.

Jirani Mwema: "Picha zimetoka safi, lakini" 😂😂 Nimeshindwa kujizuia, niko kwenye kikao.

Kibanio: Majivu, mkuu! Ungejipaka majivu.

Mpole: Majivu wapi. Mafuta.

Dada wa Zamu: Msimpotoshe. Usisugue kitu chochote. Chukua mkanda wa gundi, bandika, ng'oa, bandika penginepo, vinyweleo vinatoka na gundi. Kisha maji mengi. Nguo zishikwe kwa glavu, zifuliwe peke yake. Vikiingia machoni, suuza sana na uende hospitali.

Alfajiri Njema: Hamieni ghorofani, hakuna upupu.

Ukoka Mbichi: Jamani, uzi ulikuwa wa picha.

Jirani Mwema: Ulikuwa.

Ukoka Mbichi: Haya, nani amewahi kuipata kongwe vizuri, lile gugu la maua ya buluu? Ile buluu yangu inatoka imepauka.

Dada wa Zamu: Shusha mwanga kabla ya kubonyeza, simu inaung'arisha kupita kiasi. Na wahi, kongwe inachanua asubuhi, mchana ua limeshasinyaa. Siku ukiing'oa angalia chini pia, ina maua mengine ndani ya udongo, hayafunguki, yanatunga mbegu humo humo gizani.

Mpole: Acha wee!

Kitabu Wazi: Mnaopandisha picha iNaturalist, ule mtandao wa kutambua mimea na wanyama kwa picha, kuna sehemu ya kuficha mahali ulipopigia. Itumieni. Picha za kila siku za karibu na nyumbani zikikusanyika, zinaonyesha mlango wako ulipo.

Baba Lulu: Waje tu. Upupu bado uko kwenye uzio.

Mdadisi: Nimetoka nje nimelizungusha shina. Kweli lina pembe tatu. Ila kwangu bado ni nyasi.