Binti wa miaka 16 amekataa kula, vipimo vyote safi. Nani amepitia hili?

MamaPongwe (Tanga)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nisaidieni, nimechoka kulia peke yangu jikoni.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ilianza Ramadhani ya mwaka jana. Mwezi ukaandama, watu wakala sikukuu, yeye akaendelea na saumu. Mara analipa siku zake, mara sita za Shawali, mara Jumatatu na Alhamisi. Sasa hakuna siku asiyofunga. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikawatangazia majirani kwamba nimejaliwa mtoto mcha Mungu. Nao kila wakimwona: "Mashallah, umepungua, umependeza!"

Leo gauni la Idi linamwanguka mabegani. Kwenye joto hili la kaskazi anavaa sweta. Mikono imeota malaika laini kama ya kichanga. Hedhi imekata miezi mitano. Shangazi yake akashikilia apimwe mimba, hamna. VVU hamna, kifua kikuu hamna, malaria, sukari, minyoo, vyote hamna. Mtaani wanasema wanavyosema, mnajua kwetu mtu akikonda anasemwa nini. Mganga kasema jini.

Linalonishangaza zaidi ni hili: anapenda kupika! Pilau la Ijumaa analipika yeye, mkate wa mchele anaupamba, kisha anasimama mlangoni kuangalia nani kala nini. Mwenyewe hatii kitu mdomoni. Juzi nimekuta maandazi manne chini ya godoro, yamefungwa kwenye leso, yameota ukungu.

Chakula kipo. Kwa nini mtoto ajinyime hivi?

Mzee_wa_Chuda

Huyo anadeka, bibie. Mnyang'anye simu, mwache siku tatu. Njaa haina adabu, atakula mwenyewe.

MamaLikoni (Mombasa)

Mzee wangu, shikamoo, lakini ushauri huo ungenizikia mwanangu. Naomba asiufuate mtu.

Dadangu wa Tanga, nimekusoma mara mbili, na yale maandazi yamenitoa machozi. Kwangu ilikuwa chapati, kwenye mkoba wa shule. Wangu alikuwa na miaka 15. Huu ni ugonjwa, una jina, unaitwa anoreksia. Ni katika magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi, na moyo nao huchoka. Si jini, si kiburi, wala si malezi yako.

Nami nilimuuliza daktari wa akili swali lako: mbona anapika lakini mwenyewe hali chakula? Akanisimulia kisa cha Marekani. Mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kilichukua wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, kikawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wanaume wale wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Wakawa wanakokota sahani moja muda mrefu, wanahisi baridi, wana huzuni, hawana hamu ya wenzao. Hakuna aliyekuwa na tatizo la ulaji kabla. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza. Hapo nikaelewa kwa nini nasaha zangu zote zilikuwa kama kupigia mbuzi gitaa. Yule niliyekuwa nazungumza naye alikuwa njaa, mwanangu alikuwa nyuma yake. Chakula ndiyo dawa, maneno yatafuata. Mpaka leo hakuna kidonge kinachotibu anoreksia yenyewe.

Lakini usikimbilie kumshindilia wali leo usiku! Wangu alipimwa mapigo ya moyo: 42 kwa dakika, ameketi. Akalazwa siku kumi na mbili. Walianza na chakula kidogo, wakaongeza taratibu, damu inapimwa kila asubuhi, na vidonge vya vitamini B1. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa ghafla, chumvichumvi za damu hushuka, hasa fosfeti, na moyo unaweza kusimama.

Nyumbani ndipo vita vilipoanza. Tulifuata njia iliyotokea hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: mzazi anashika chakula chote, mtoto hachagui, na akishaimarika unamrudishia hiari yake kidogokidogo. Milo mitatu na vitafunio vitatu, kila siku. Nilifunga genge langu la mboga miezi miwili. Siku ya kwanza, kikombe cha uji wa mtama uliotiwa njugu za kusaga kilituchukua saa moja na dakika arubaini. Alinipigia kelele kwamba namuua. Nilikuwa na sentensi moja tu: "Najua waogopa. Chukua kijiko kingine." Hakuna kupiga, hakuna kubembeleza kwa zawadi, hakuna hesabu ya kilo. Baada ya kula tunakaa pamoja saa nzima, asiende msalani peke yake.

Kosa langu kubwa lilikuja mwezi wa tatu. Nikamwambia, "Umenenepa, umependeza." Kwetu hiyo ni sifa, si ndiyo? Alikaa siku mbili hajala. Msimsifie mwili, si kwa kupungua wala kuongezeka. Na majirani waambie hivyo hivyo.

Kuhusu saumu, nilimpeleka kwa imamu wetu. Akamsomea Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, kwamba mgonjwa atatimiza hesabu siku nyingine. Akamwambia, "Wewe ni mgonjwa, binti yangu. Kula kwako sasa ni utiifu." Maneno hayo nikiyasema mimi hayakuwahi kuingia, aliposema imamu yaliingia.

Mwaka mmoja na miezi minne. Hedhi imerudi. Bado samaki wa kukaanga humtia wasiwasi, lakini hula.

Muuguzi_Zamu

MamaPongwe, kesho asubuhi hospitali ya mkoa, usingoje Jumatatu. Omba mapigo na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kipimo cha umeme wa moyo, potasiamu, fosfeti na sukari. Mapigo ya kijana yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana, alazwe. Akizimia, au kifua kikimpiga, nendeni usiku huohuo. Mwambie daktari wazi kwamba anakataa chakula makusudi, usiseme "hana hamu", maana watakupa dawa ya minyoo tena.

Angalia pia kama anatapika: mashavu yaliyovimba, meno kulika, sugu juu ya vidole. Hiyo huweza kuwa bulimia, ugonjwa wa kula kwa pupa kisha kujitapisha, na mwenye nayo mara nyingi hakondi, kwa hiyo hugunduliwa kwa kuchelewa. Ina tiba ya mazungumzo, na fluoksetini, dawa ya sonona, husaidia. Nimeshahudumia na wavulana, msidhani ni la mabinti tu.

MamaPongwe

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka wodini. Mapigo 46. Wamemlaza. Daktari wa zamu alitaka kumwandikia dawa ya hamu ya kula, nikamsomea maneno ya Muuguzi kwenye simu, akaniangalia, akaenda kumwita mkubwa wake.

Baba yake amekaa naye tangu alfajiri, yeye aliyekuwa akisema fimbo. Ilipofika saa nne ameshika kijiko, mkono unamtetemeka kuliko wa mtoto. "Najua unaogopa, mama. Kingine." Nusu bakuli la uji, dakika hamsini. Kisha binti akageuka ukutani, akauliza kama kuna aliyempa paka chakula.

MamaLikoni, nitakuandikia usiku, akilala. Nakwenda nyumbani kumletea sweta la pili.