Kufungwa khanga mlangoni mwa kanisa: stara au kuaibishana?

Binti Tabata: Jumapili nimefika misa ya kwanza na gauni la magotini. Mama wa mlangoni akanivuta pembeni, akanipa khanga nijifunge, watu wanapita wananitazama. Nauliza watu wa dini zote: huku ndiko kufundishana stara?

Mzee Kigogo: Gauni la magotini ukikaa linakuwa la mapajani. Kakusitiri, mshukuru. Wenzetu Waislamu hawana shida hiyo, khanga ni vazi lao, sisi tunaazima tu.

Mpwani Asilia: Ngoja hapo. Khanga imesilimu lini? Zilikuwa leso za Wareno zikaunganishwa kwa sindano, ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Bibi yangu alikuwa na khanga ya jikoni na ya sokoni. Akitoka kwenda mbali anatia baibui juu. Nenda msibani Moshi uone Walutheri walivyojifunga, au nao utawasilimisha?

Mzee Kigogo: Usinilishe maneno. Nimesema vazi, sijasema dini.

Mkunazini: Umesema "lao". Na hilo baibui nalo lilikuja na Wahadhrami, Waarabu wa Yemeni. Unguja mtumwa alivaa kaniki na merikani, vitambaa vya pamba visivyo na nakshi; kujifunika ilikuwa mambo ya waungwana. Utumwa ulipofutwa 1897, wanawake walioachwa huru wakaingia kwenye khanga na baibui ili wasijulikane tena jana walikuwa nani. Wao walijifunga wenyewe. Huyu dada kafungwa.

Mwana wa Kisarawe: Kaniki ya watumwa? Mama yangu kalimia kaniki maisha yake yote, Mzaramo huru. Chunga mdomo.

Mkunazini: Nimezungumzia Unguja ya wakati ule, kaka.

Mwana wa Kisarawe: Wapemba na Waunguja ndivyo mlivyo, kila kitu cha bara kwenu ni cha mtumwa.

Ummu Salma: Mnabishana vitambaa. Sista akifunika nywele mnampisha kiti kwenye daladala. Mimi na nikabu yangu naombwa niifungue mlangoni. Kenya hijabu tu shuleni Isiolo ilifika Mahakama ya Juu, 2019, na majaji wakaimaliza kwa hoja ya utaratibu.

Mzee Kigogo: Nikabu ni usalama, dada, usichanganye.

Ummu Salma: Na goti lake ni usalama wa nani?

Mpwani Asilia: 😂 Binti Tabata, hiyo khanga ilikuwa na jina gani?

Binti Tabata: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Mpwani Asilia: Uwiii! Kanisani?

Mwana wa Kisarawe: Kaniki ingekusitiri zaidi, haina maandishi.

Binti Tabata: Nimepanga nayo mstari wa komunyo. Mama kanifunga mwenyewe, jina likakaa nyuma kabisa, pale pa kukalia.

Mzee Kigogo: Padre aliliona?

Binti Tabata: Padre alikuwa mbele yangu. Waliolisoma ni wazee wa mabenchi ya nyuma. Wewe unasali parokia gani?