Mmetuhoji Busia, ripoti mmeizindulia hotelini Kampala. Matokeo yetu yako wapi?

Wadau, nimenyamaza muda mrefu nikidhani watafiti waliotuhoji watarudi. Hawarudi. Sasa naandika, na atakayekasirika akasirike.

Kuna taasisi ya utafiti wa masuala ya kazi iliyo chini ya chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Habari zao hazikauki: leo warsha, kesho mhadhara, wiki ijayo uzinduzi wa ripoti, mwezi ujao wageni kutoka Ulaya na Marekani. Picha zinapigwa, watu wamevaa vitambulisho shingoni, meza zimejaa chupa za maji. Na mada ni sisi kila siku. Vibarua, wauza sokoni, madereva wa malori, mabinti wanaopelekwa Uarabuni kufanya kazi za ndani. Tazama picha zote hizo, nitafutie kibarua mmoja aliyekaa kwenye kiti.

Mimi ni katibu wa kikundi cha makuli kwenye stoo za nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa wasioijua kazi hii: mahindi na maharage yanaletwa na fuso kutoka Iganga, Mayuge na kwingineko, sisi tunashusha, yanachekechwa, yanapimwa, magunia yanashonwa upya, tunapakia kwenye lori la kuvuka kwenda Kenya. Gunia ni kilo 100, na likiwa lumbesa linapita hapo. Unajitwika mgongoni, unapanda nalo ubao hadi juu ya lori, unashuka kuchukua jingine. Shirika la Kazi Duniani lilishatoa pendekezo tangu mwaka 1967, namba 128, kwamba uzito anaobebeshwa mwanamume mzima ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka. Hapa Busia sijawahi kuona tajiri mwenye stoo akilizungumzia.

Malipo ni kwa gunia. Hakuna gunia, hakuna pesa. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yalilala foleni na sisi tukalala njaa. Amri ile ililegezwa baada ya siku chache kwa masharti, lakini mfanyabiashara aliyeogopa hasara harudi siku hiyo hiyo, na kuli hana akiba ya kumsubiri. Hakuna aliyetuandikia hata barua. Kwa hiyo watu wa chuo kikuu walipokuja wakisema wanataka kujua hali ya mfanyakazi wa mpakani, tuliwapokea vizuri. Tulisema angalau hawa wataandika.

Walikuja msimu wa mavuno, wakati kazi ndiyo imeshika moto. Vijana wenye adabu, nao sina ugomvi, najua wametumwa. Walikaa na watu mmoja mmoja, kila mmoja na tableti yake. Mahojiano yale si ya dakika tano. Ukikaa nao mpaka mwisho, fuso nzima imeshashushwa na wenzako na mgao wako umepotea, maana pesa ya fuso inagawanywa kwa waliobeba. Watu walikubali kupoteza mgao kwa sababu wazee wa kikundi waliwasihi, na kwa sababu kiongozi wa msafara alisimama mbele yetu pale kwenye mizani akaahidi: matokeo mtaletewa hapa hapa, na siku ya kuyatangaza wawakilishi wenu watakuwepo.

Nilikuwa karibu wakati mmoja wao anamhoji mzee wetu, mtu aliyebeba magunia tangu mimi niko shule ya msingi. Kijana anasoma swali kwa Kiingereza kwenye kioo, kisha analitafsiri papo kwa papo kwa Kiswahili cha kubahatisha. "Kutoka moja mpaka tano, unaridhika kiasi gani na mazingira ya kazi?" Mzee akauliza, moja ndiyo nzuri au ndiyo mbaya? Akaelezwa. Akafikiri, halafu akafungua vifungo vya shati akamwonyesha bega. Lina sugu nyeusi, ngumu kama kisigino, na pembeni yake kidonda cha kamba kisichopona kwa sababu kila kikikaribia kupona gunia linakigusa tena. Kijana aliangalia. Kweli aliangalia, nilimwona uso umembadilika. Kisha akarudi kwenye kioo akauliza tena: moja mpaka tano? Mzee akasema mbili. Akabonyeza mbili, wakaenda swali linalofuata.

Lile bega halikuandikwa popote. Fomu haikuwa na mahali pake, na aliyeitunga hakuwepo siku hiyo.

Mwisho kila mtu alipewa mche wa sabuni, akatia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, wakapanda gari wakaenda.

Baada ya hapo, kimya. Tulipiga simu, tukaambiwa data bado inachambuliwa. Tukapiga tena, aliyekuwa anapokea akasema mkataba wake umekwisha, tuwasiliane na ofisi. Ofisi haikupokea.

Halafu picha zikaja kwenye simu. Ripoti imezinduliwa! Hoteli ya Kampala, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Kujiandikisha ni kwa fomu ya intaneti, Kiingereza kitupu, na wanakuuliza taasisi unayotoka na cheo chako. Wawakilishi wa wizara wamealikwa, wafadhili wamealikwa, maprofesa wamealikwa, wanafunzi wamepewa tisheti. Nyuma ya meza kuu limetundikwa bango kubwa, na kwenye bango ni yule yule mzee wetu, gunia mgongoni, anapanda ubao, uso unaonekana wote mpaka mishipa ya shingo.

Hakuna aliyemwomba ruhusa ya bango. Siku ya mahojiano walipiga picha wakasema ni za kumbukumbu ya kazi yao. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na msingi wake ni kwamba taarifa za mtu huzichukui wala kuzitumia bila ridhaa yake. Uso wa mtu ni taarifa yake. Chuo kikuu kinachofundisha wanasheria hakiwezi kuniambia hakikujua.

Na mzee mwenyewe sasa hivi yuko nyumbani. Mgongo umekataa. Mkewe ndiye anayeuza mukene, yaani dagaa, soko la Sofia ili wale. Binti yao ndiye aliyemwonyesha ile picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Hawa waliokaa hapa mbele, wamelipwa siku hiyo?" Nilishindwa kumjibu, kwa sababu jibu nalijua. Warsha za namna ile watu hupewa posho ya kukaa na nauli.

Tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo wanapoponea kila wanapoulizwa. Wanasema ripoti za kitaaluma zinaandikwa kwa Kiingereza. Sawa, andikeni za kwenu. Lakini stoo yetu ina Msamia, Mteso, Mgisu, Muganda, na wengine wanavuka asubuhi kutoka ng'ambo. Lugha inayotufanya tusiangushiane gunia kichwani ni Kiswahili. Katiba ya nchi hii ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kianze kutumika hivyo kwa vitendo. Karatasi ya ridhaa, ambayo maana yake yote ni mtu aelewe anachokubali, mnamletea kwa lugha asiyoisoma halafu mnashika dole gumba lake. Utafiti wowote unaohusu watu hapa Uganda unapitishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ningependa kuona walichowaandikia wakubwa hao kuhusu namna watakavyoturudishia majibu. Naamini kuna aya nzuri sana.

Watu wa mjini wanadhani tunalilia kualikwa tu ili nasi tule chakula cha hoteli. Hapana. Tunataka majibu kwa sababu yana kazi kwetu. Nitatoa mfano mmoja. Kanuni za Ajira za mwaka 2011, namba 39, zinasema kibarua akifanya kazi mfululizo miezi minne kwa mwajiri mmoja anastahili mkataba wa maandishi na hahesabiki tena kuwa kibarua. Sisi tuna watu wamebeba kwa tajiri yule yule, stoo ile ile, miaka na miaka, ila wanalipwa kwa gunia. Je, ni waajiriwa au si waajiriwa? Tajiri anasema huyu simjui, anakuja akitaka. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, irekebishwe mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja: asilimia 10 yake, asilimia 5 ya mfanyakazi. Kama sisi ni waajiriwa, pesa hiyo tunadai. Kama mzee yule ni mwajiriwa, mgongo wake una fidia kisheria. Hilo ndilo swali, na waliotuuliza tunafanya kazi siku ngapi kwa wiki, kwa nani, tangu lini, na nani anatupa amri, ni wao. Ushahidi wote wanao kwenye tableti zao! Sisi tukienda kwa afisa kazi wa wilaya tunakwenda mikono mitupu.

Kima cha chini cha mshahara sitakigusa sana, kila mtu anakijua. Shilingi 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini. Kila mwaka ifikapo Mei Mosi taasisi hii inaandaa mjadala juu ya jambo hilo, wazungumzaji wale wale, na mwaka unapita.

Na msiniambie kwamba chuo na mfanyakazi hawawezi kukaa chumba kimoja. Kampala hii hii mwaka 1958 kilifunguliwa chuo cha vyama vya wafanyakazi cha Afrika, chini ya shirikisho la kimataifa la vyama huru, na wanachama wa vyama kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikuja kusoma hapa mpaka kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na hao wageni wa Marekani mnaojivunia kupiga nao picha, waulizeni kwao inakuwaje. Chuo Kikuu cha California kilianzisha taasisi zake za mahusiano ya kazi Berkeley na Los Angeles mwaka 1945. Ile ya Los Angeles ina kituo cha masuala ya kazi kilichowekwa nje ya kampasi, mjini karibu na bustani ya MacArthur, mahali wanapoishi wafanyakazi wahamiaji, ili waweze kuingia. Hamkuambiwa hilo chakula cha mchana kilipokuwa kinaendelea?

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, nawajibu waliouliza kwa nia njema.

Ndugu uliyesema ripoti ipo kwenye tovuti na inapakuliwa bure: nimeipakua. Ni ndefu, yote Kiingereza, na sehemu inayotuhusu imejaa majedwali. Wengi wa wenzangu wana simu za tochi. Mwenye simu kubwa ananunua bando la siku ampigie mkewe, hanunui la kupakua ripoti. Nilichotaka ni mtu mmoja aje Jumapili jioni, wakati stoo zimefungwa, asimame hata chini ya mwembe, asome: tuliwauliza hivi, mlijibu hivi, tumegundua hivi. Saa moja. Nauli ya basi kutoka Kampala haifiki bei ya sahani moja ya ile hoteli.

Dada uliyesema tulipokea sabuni kwa hiyo tumelipwa: sabuni si malipo ya fuso uliyoikosa. Na hata wangetulipa vizuri, waliahidi matokeo. Ahadi ni ahadi.

Kaka uliyejitambulisha kuwa uliwahi kufanya kazi nao na ukasema hata wahoji wenyewe walikuwa kwenye mikataba ya mwezi mmoja mmoja na malipo yalichelewa: nakuamini, na imeniuma zaidi. Taasisi ya utafiti wa kazi inawafanyia vijana wake hivyo, nani atamsaidia kuli? Kama una maandishi, yatunze.

Kikundi kimekaa na kuamua. Bango lenye picha ya mzee lishushwe, na picha iondolewe kwenye kurasa zao zote, na waje wamwombe radhi nyumbani kwake, si kwa barua pepe. Matokeo yaletwe Busia kwa Kiswahili, Jumapili. Na mtafiti yeyote mwingine atakayekuja, awe wa chuo hicho au kingine, kabla hajafungua tableti ataandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, tarehe ya kurudisha majibu na jina la bosi wake, na karatasi hiyo tutaibandika kwenye mlango wa stoo pale kila mtu anapopita. Atakayekataa kuandika, arudi na gari lake.

Wanajua pa kutupata. Namba yangu waliichukua siku ya kwanza, wakaiandika mara mbili wasiipoteze.